Kutoka eneo la tukio hadi kaunta: simu ya askari inabadili nini katika ripoti ya polisi

Ajali ya bodaboda ikitokea usiku pembezoni mwa mji, yenyewe huisha ndani ya sekunde chache, lakini kuandikwa kwake huchukua siku. Askari wa doria anayefika kwanza anaandika mistari michache kwenye kijitabu chake: saa, mahali, namba ya pikipiki, jina la majeruhi kama bado anaweza kusema. Akirudi kituoni anamsimulia askari wa zamu kaunta, naye anaandika upya kwenye kitabu cha taarifa na kutoa namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoingizwa kwenye kitabu hicho. Jalada likifunguliwa, mpelelezi anachukua maelezo ya mashahidi kwa mkono, na yule askari wa doria naye anaandika maelezo yake kama shahidi. Majeruhi anahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili daktari ajaze majeraha aliyoyakuta. Mwenye chombo anahitaji ripoti kwa ajili ya bima. Mwisho inachapwa hati ya mashtaka. Tukio moja limeandikwa mara tano au sita, na watu tofauti, kwa saa tofauti, na kila aliyeandika baada ya yule wa kwanza ameandika alichosikia au alichokumbuka.

Wanaouza vifaa vya polisi huipigia debe simu kwa hoja ya haraka: askari ataandika ripoti akiwa eneo la tukio, hatarudi kituoni kila mara, ataonekana zaidi mtaani. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ndiyo nyepesi kuliko zote. Uzito uko kwenye ule mwanya kati ya kuona na kuandika. Humo ndimo kumbukumbu inapofifia, ndimo namba ya gari inapobadilika tarakimu moja, na ndimo habari inapoweza kupangwa upya, kwa mwenye nia hiyo, kabla haijawa rekodi. Simu ikitumiwa vizuri inauziba mwanya huo. Ikitumiwa ovyo, mwanya unabaki vilevile, na askari anakuwa ameongezewa mahali pengine pa kuandika.

Sheria inahesabu saa

Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi, na upo utaratibu wa kuongeza muda pale upelelezi unapohitaji. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa kwenye ushahidi, katika kesi kadhaa, maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa aliyeonywa kwanza kuhusu haki zake, yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila sababu ya kuridhisha.

Hesabu hiyo yote inaning'inia kwenye jambo moja: mtu alikamatwa saa ngapi? Jibu huwa ni lile aliloandika askari aliyemkamata, mara nyingi kwa makadirio, na mara nyingi akiwa amesharudi kituoni. Hati ya ukamataji ikisema saa mbili usiku, kitabu cha mahabusu kikasema saa nne na nusu, na jirani akaapa kwamba alimwona mtu huyo akichukuliwa alasiri, wakili wa utetezi hahitaji kutafuta kingine. Mhalifu anaweza kutoka kwa sababu ya saa iliyoandikwa vibaya. Na mtu asiye na hatia anaweza kushindwa kabisa kuonyesha kwamba alikuwa ndani tangu asubuhi, kwa kuwa karatasi inasema aliingia jioni. Huyu wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu hana kalamu wala kitabu.

Vielelezo navyo vina hesabu yao. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu zinazofuatana kwa mpangilio wa wakati: kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, nani alikuwa nacho, kilihamishwa kwa nani, kilichunguzwa wapi na kikaishia wapi. Uamuzi huo umekuwa ukitajwa mahakamani tangu hapo, hasa kwenye kesi za dawa za kulevya na nyara za serikali. Kila mkono uliopokea kielelezo unatakiwa kuacha alama, na kituo chenye karatasi chache, askari wachache na simu za dharura zinazoingia usiku kucha kina nafasi nyingi za kuisahau alama moja.

Kenya wanacho kitabu chao cha matukio cha kituo cha polisi, OB, ambacho kila Mkenya aliyewahi kuibiwa simu anakijua. Namba yake hubeba tarehe ndani yake, kwa hiyo ingizo la 14 la siku fulani haliwezi kuwa la siku nyingine. Ni mpangilio mzuri, lakini unalinda tu kilichoandikwa. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi waliyekuwa naye walitoweka walipotoka mahakamani Mavoko. Ilikuja kubainika kwamba walishikiliwa kwenye kambi ya polisi ya Syokimau kabla ya kuuawa, na hakukuwa na ingizo lolote la kitabuni lililosema kwamba wako pale. Maandishi yaliyosaidia kuwafuatilia yalikuwa ombi la msaada lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi ya msalani na kutupwa nje ya dirisha. Rekodi za mawasiliano ya simu nazo zilitumika katika kesi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maofisa watatu wa polisi na mtoa habari wao mmoja.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha mpaka wa kitabu, na mpaka wa kompyuta iliyowekwa kaunta badala ya kitabu. Vyote viwili vinaanza kufanya kazi pale askari anapoamua kuandika. Kifaa anachotembea nacho, kama kimewekwa sawasawa, kinajua mambo mawili hata kabla hajaandika chochote: kiko wapi, na ni saa ngapi.

Kinachotokea ndani ya kifaa

Programu nzuri ya kuripoti haifanani na ukurasa mtupu wa kuandikia. Ni fomu inayomwuliza askari maswali kwa mpangilio wa kazi yake. Akichagua ajali ya barabarani, inamtaka namba za vyombo, leseni, hali ya barabara, picha nne za pande zote na mchoro. Akichagua ukatili wa kijinsia, inaficha jina la mwathirika kwa kila mtu asiyehusika na kumpa askari hatua za Dawati la Jinsia na Watoto. Majina hayaandikwi mara mbili. Kilichojazwa mara ya kwanza kinaingia chenyewe kwenye jalada, kwenye PF3 na kwenye hati ya ukamataji.

Swali la kwanza ambalo kila askari wa wilaya za mbali atauliza ni la mtandao. Programu inayogoma pasipo na mtandao haifai kupelekwa hata kwenye majaribio. Inayofaa huhifadhi ripoti ndani ya simu ikiwa imefungwa kwa usimbaji, yaani kwa namna ambayo asiye na ufunguo hawezi kuisoma, kisha huituma yenyewe mtandao ukirudi. Kuhusu mahali, watu wengi hudhani kwamba simu bila bando haijui ilipo, lakini GPS hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti na haihitaji mnara wa simu. Mawimbi hayo hubeba pia saa sahihi, na hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu saa ya simu yenyewe inaweza kurudishwa nyuma na yeyote anayejua kufungua mipangilio. Mfumo makini huandika saa tatu: ya simu, ya setilaiti, na ile ambayo seva ilipokea ripoti. Zikipishana, mkuu wa kituo anaona na anauliza.

Sehemu inayoeleweka kidogo zaidi, na ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo zima, ni namna ya kujua kwamba ripoti haijaguswa. Picha au maandishi yakishahifadhiwa, kompyuta inaweza kuyakokotoa na kutoa msururu wa herufi na tarakimu unaoitwa hashi. Kwa njia inayotumika sana, SHA-256, msururu huo kwa kawaida huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Huo ni kama alama ya kidole ya faili: badilisha nukta moja ndani ya picha, ukokotoe tena, na utapata msururu mwingine kabisa. Hashi ikipelekwa kwenye seva dakika ile ile picha ilipopigwa, basi miaka miwili baadaye mahakamani hakuna haja ya kubishana kama picha ilichezewa. Inakokotolewa upya mbele ya pande zote na kulinganishwa.

Hii haina maana kwamba askari haruhusiwi kukosea. Anaweza kuandika Mwananyamala badala ya Manzese, akagundua baada ya saa moja na kusahihisha. Mfumo unapaswa kuyahifadhi maandishi yote mawili, jina la aliyesahihisha na saa aliyosahihisha. Kwenye kitabu cha karatasi utaratibu wa kazi unataka kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi ili maneno ya zamani yasomeke. Nia ni ile ile, isipokuwa kwenye karatasi inategemea uaminifu wa anayeshika kalamu.

Tatizo la makundi ya WhatsApp

Katika nchi nyingi askari hawakusubiri serikali iwanunulie kifaa. Wanatumia simu zao wenyewe. Picha ya ajali inapigwa, inarushwa kwenye kundi la WhatsApp la kituo, mkuu anajibu kwa sauti, na gari la kuvuta linaitwa. Kazi inakwenda. Ni vigumu kumlaumu askari anayelipia bando kwa mshahara wake ili kazi ya umma iende.

Lakini kama njia ya kuripoti, hiyo ni hatari kwa pande zote. WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwemo saa na mahali ilipopigwa. Kinachobaki kwenye kundi ni picha ambayo mahakamani haiwezi kujieleza yenyewe. Picha halisi imebaki kwenye simu binafsi ya askari mmoja, pamoja na picha za watoto wake, na simu hiyo inaweza kuibiwa, kuuzwa au kuombwa na wakili wa utetezi ikaguliwe. Askari akihamishwa kutoka Tarime kwenda Newala, anahama na ushahidi. Na kundi lenye watu sitini halina njia ya kuzuia picha ya maiti, au ya binti aliyebakwa, isitoke na kusambaa kabla familia haijajua. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi tunazo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na taarifa za aina hii ni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi mkubwa kuliko zote.

Mahakama zetu hazikatai ushahidi wa kielektroniki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inaukubali, na inamtaka hakimu apime namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi uhalisi wake ulivyolindwa. Kenya, Sheria ya Ushahidi inataka hati inayothibitisha kifaa kilichotoa rekodi na namna kilivyotumika. Mlango uko wazi, ila picha iliyozunguka kwenye makundi matatu ina kazi kubwa ya kuupita.

Waliotangulia

Uingereza walijaribu mapema na kwa fedha nyingi. Kati ya 2008 na 2010 mpango wa kitaifa wa vifaa vya mkononi uligharimu pauni milioni 71 na kuwapa polisi vifaa 41,000. Januari 2012 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilitoa ripoti yake. Kwa wastani askari walipata dakika 18 zaidi nje ya kituo kwa kila zamu. Ni kitu, ila si mapinduzi waliyoahidiwa walipa kodi. Ni takribani kikosi kimoja kati ya vitano kilichovitumia vifaa hivyo kubadili kwa kiasi kikubwa namna kazi yenyewe inavyofanyika. Vingine vilinunua vifaa na kuacha fomu na mtiririko wa kazi kama ulivyokuwa. Askari anayeweza kutafuta jina kwenye simu lakini bado akalazimika kurudi kituoni kuchapa ripoti hajapunguziwa safari.

New York kuna mfano wa aina nyingine. Kwa zaidi ya karne moja kila askari wa doria wa jiji hilo alibeba daftari la kumbukumbu na kuandika humo kila wito na kila tukio la zamu yake. Madaftari hayo yalibaki kwa askari mwenyewe, kabatini au nyumbani, hata baada ya kustaafu. Mwandiko mwingine haukusomeka, na mistari mitupu ilitoa nafasi ya kuongeza neno baadaye. Simu rasmi zilianza kugawiwa kwa askari wapatao 36,000 kuanzia 2015. Zile za kwanza zilitumia mfumo wa Windows, na kuanzia 2018 zilibadilishwa kwa iPhone. Februari 2020 daftari la karatasi likaondolewa na programu ikachukua nafasi yake. Tangu hapo kumbukumbu za zamu ziko kwenye hifadhi ya idara, si mfukoni mwa mtu.

India ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu walianza na sheria. Sheria yao mpya ya mwenendo wa jinai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inataka upekuzi na ukamataji wa mali urekodiwe kwa sauti na picha, ikiwezekana kwa simu ya mkononi, na rekodi ipelekwe bila kuchelewa kwa hakimu. Serikali ikatengeneza programu, eSakshya, ya kurekodi na kuhifadhi ushahidi huo. Angalia mpangilio wake: sheria imetaja tendo la askari, imetaja kifaa, na imetaja mtu wa nje ya polisi anayepokea nakala. Utekelezaji katika nchi kubwa kiasi kile una safari ndefu, lakini swali la nani anashika nakala limejibiwa kabla simu haijanunuliwa.

Nakala inabaki kwa nani

Hapa Tanzania tunao mfano wetu wa kufanikiwa, nao uko barabarani. Trafiki akimwandikia dereva kosa kwenye mashine ya mkononi, mashine inatoa karatasi yenye namba ya malipo. Fedha zinakwenda serikalini kupitia benki au simu bila kupita mkononi mwa trafiki. Dereva akitaka kujua kama gari lake linadaiwa, anaingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi mtandaoni na kujionea mwenyewe deni, tarehe na kosa. Ni rekodi iliyozaliwa eneo la tukio, haikuandikwa mara ya pili na mtu mwingine, na mhusika anaiona. Taarifa za kupotelewa na mali kama vitambulisho na vyeti nazo siku hizi zinatolewa mtandaoni. Kwa hiyo si kweli kwamba hatuna watu, umeme au mtandao wa kufanya haya. Tumeyafanya, kwa faini.

Kilichosaidia kwenye faini, zaidi ya mashine, ni kwamba dereva anaondoka na kitu. Hicho ndicho kipimo ambacho ningekiweka kwa kila mfumo wa kuripoti: mwananchi anaondoka eneo la tukio na nini mkononi? Mama aliyeporwa mkoba apate ujumbe mfupi wenye namba ya RB, jina la kosa na saa, kwa Kiswahili, papo hapo, hata kama simu yake ni ya kitochi. Aliyekamatiwa mali apate orodha yake. Ndugu wa aliyekamatwa waweze kuuliza kwa namba na kujibiwa yuko kituo gani. Ujumbe ukishatoka umetoka. Ripoti ikibadilishwa kesho, kuna nakala ya jana kwenye simu ya mtu ambaye si polisi.

Askari nao wana hofu yao, nayo isipuuzwe. Kifaa kinachojua kilipo kila dakika kinaweza kugeuka kamba ya kumfungia askari wa chini huku wakubwa wake wakiwa huru. Mahali pa askari pasirekodiwe akiwa nje ya zamu, na rekodi ya zamu isiwe ya kuwindia makosa madogo. Kwa upande mwingine, askari anayefanya kazi yake kwa haki ndiye anayefaidika kwanza. Anayesingiziwa kwamba alimpiga mtu saa tatu usiku ana rekodi inayoonyesha alikuwa mtaa gani saa hizo.

Kama ningeulizwa ianze wapi, ningesema PF3. Leo mtu aliyepigwa au kubakwa anaweza kujikuta akienda kituoni kwanza kuomba fomu, akasimulie kaunta mbele ya watu, kisha aende hospitali na kusimulia tena. Kwenye vituo vya mkono kwa mkono polisi, daktari na ustawi wa jamii wanakaa chini ya paa moja, lakini vituo hivyo havijafika kila wilaya, achilia mbali kila kata. Askari kata, au askari wa dawati, mwenye simu rasmi anaweza kuifungua PF3 akiwa pembeni ya kitanda cha mgonjwa, daktari akajaza sehemu yake kwenye fomu ile ile, na saa ya kila mmoja ikaingia yenyewe. Hakuna karatasi ya kubeba kati ya majengo mawili huku damu inatoka, na hakuna karatasi ya kupotea kabla ya kesi. Fomu ni moja, wanaoijaza ni wawili, na inahitajika kila siku katika kila wilaya. Ikishindikana itashindikana kwa kitu kidogo tunachoweza kukirekebisha, na ikifaulu itakuwa imewafikia kwanza watu wenye maumivu.